Una karatasi? Niliyosema Jumamosi kuhusu talaka, mali na watoto

Wengi mmenipigia mkasema mvua iliwazuia kufika kwenye mkutano wetu wa vikoba, basi mimi msaidizi wenu wa kisheria naweka yote hapa kama nilivyoongea. Picha za ukutani nimeziacha, hata siku ile mashine ya kuzionyeshea ilikataa kuwaka.

Bwana asifiwe. Asalaam aleikum. Na wale wa habari za asubuhi, habari za asubuhi.

Mwenyekiti wa vikoba, mtendaji wetu wa kata, akina mama wenzangu, na akina baba watatu, hapana wanne, nawaona pale mlangoni mmekaa kama mnasubiri daladala ya Msamvu. Sogeeni ndani baba zangu, leo hatumsemi mtu.

Nimeambiwa niongee kuhusu talaka. Dada mmoja hapo nje kanishika mkono kaniambia mama, usiongee hayo utawapa watu mawazo. Nikamwambia mwanangu, mawazo wanayo tayari, kitu ambacho hawana ni karatasi. Ndo swali langu la leo na nitalirudia mpaka mnichoke: una karatasi?

Naanza na mimi mwenyewe ili msiseme huyu anaongelea ya wenzake. Niliolewa 1998, kanisani, na kwaya na keki na kila kitu. 2009 nikaondoka nyumbani na mfuko wa rambo na watoto wawili. Kilichotokea katikati sitakisimulia, wengine hapa mnamjua mwenye habari yake na bado tunazikana. Nikalala kwa dada yangu siku tatu, ya nne nikajipaka mafuta nikaenda mahakama ya mwanzo, nikamwambia karani nataka talaka. Karani hata hakuinua kichwa. Kaniuliza, "Fomu namba tatu iko wapi?"

Fomu gani tena! Nilidhani unaenda mahakamani unalia, hakimu anakuonea huruma, anagonga meza, imeisha. Kumbe.

Wangapi hapa mnajua fomu namba tatu? Nyoosheni mikono. Watano. Watu zaidi ya mia, watano.

Sikilizeni basi. Huku Tanzania Bara ndoa zetu zote, ya kanisani, ya msikitini, ya bomani, ya kimila, zinasimamiwa na sheria moja, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Zanzibar wana utaratibu wao, mwenye ndoa ya Kiislamu kule anaenda kwa Kadhi, kwa hiyo shangazi yako wa Unguja akikupa ushauri mshukuru halafu uliza na huku. Sheria yetu inasema kabla ya kufungua shauri la talaka mgogoro wenu upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza lipo kila kata, na BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, na baadhi ya makanisa wana mabaraza yao yanayotambulika. Mnakaa, mnasikilizwa, wanajaribu kuwapatanisha, na wakishindwa wanakupa hati kwamba tumeshindwa. Hiyo ndo fomu namba tatu. Bila hiyo mlango wa mahakama haufunguki, isipokuwa kwa mambo machache, mfano mwenzio kakutelekeza hujui alipo, au yuko nje ya nchi na harudi leo wala kesho, au kafungwa miaka mitano na kuendelea, au kaitwa barazani kwa makusudi hataki kuja. Yani yule anayekwambia "siendi huko barazani kwenu tuone utafanya nini" ajue sheria ilishamfikiria tangu 1971.

Na ndoa changa, ya chini ya miaka miwili, hapo mahakama ikupe ruhusa kwanza hata ya kufungua. Hilo napita.

Nikarudi kata, tukakaa baraza mara tatu, likashindwa, nikapewa fomu yangu. Nikaenda mahakamani? Sikwenda. Nikaiweka chini ya godoro. Nilikuwa bado na moyo, nikasema labda atabadilika, akija Krismasi na zawadi za watoto nitaichana. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, miezi minane. Siku nimechoka kabisa naitoa chini ya godoro naipeleka, karani yule yule, safari hii akainua kichwa, kaniambia mama hii imeshakufa, mwisho wake miezi sita. Nikaanza upya barazani! Mwenyekiti wa baraza aliponiona akasema, "Karibu tena nyumbani."

Mnacheka, lakini kuna shauri lilifika mpaka Mahakama ya Rufani ilipoketi Mtwara, watu wameshinda huku wameshindwa kule, majaji wa juu kabisa wakaangalia wakaona petisheni, yaani ombi la talaka, ilifunguliwa bila hati halali ya baraza, wakafuta mwenendo wote. Wote! Nauli, mawakili, machozi, vyote chini. Kwa hiyo ukishika ile fomu soma tarehe, soma majina, angalia muhuri, angalia kama imeandikwa kweli kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Una karatasi? Na karatasi yenyewe iko hai?

Dada zangu Waislamu hapa niseme nanyi kidogo. Siku hizi kuna talaka za WhatsApp. Mtu anaandika sentensi moja, tiki mbili za bluu, anakwambia imeisha. Kidini waulizeni masheikh wenu, mimi si sheikh. Lakini kwa sheria ya nchi haijaisha. Mnapita barazani, baraza likishindwa na talaka ikatolewa, mahakama ndo inatamka kwamba ndoa imevunjika, na hapo hapo ndo mali na watoto vinapangwa. Tulimpokea dada mmoja ofisini, kaachika kwa meseji, kamaliza eda, kaolewa kwingine, baada ya miaka ndo anakumbuka nyumba waliyojenga na wa kwanza. Haki yake anayo, ila kaja nayo akiwa amechelewa na ameshafuta meseji zote kwa hasira. Hasira zako zihifadhi moyoni, meseji usifute.

Na akina mama, talaka si ya mwanaume kutoa peke yake. Mume anaweza kuomba, mke anaweza kuomba. Hakimu anataka kuona ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ataangalia mambo kama uzinzi, ukatili, kutelekezwa, kutengana miaka mitatu na kuendelea. Kwenye ukatili naomba tusimame kidogo. Sheria hii hii inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hakuna, si mume si mke. Ukipigwa usisubiri baraza, nenda polisi Dawati la Jinsia, chukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, nenda hospitali ijazwe, na toa kopi. Makovu yanapona jamani, PF3 haiponi.

Haya sasa mali. Nimewaona mmekaa vizuri.

Pale kwenye mali ndo watu wanaumizana kuliko hata kwenye mapenzi. Na kuna uongo wa aina mbili mtaani. Uongo wa kwanza wa akina baba: "nyumba ina jina langu, ni yangu." Uongo wa pili wa akina mama: "tukiachana ni nusu kwa nusu." Vyote viwili vinawapeleka watu mahakamani wakiwa wamejiamini na wanatoka wamenyong'onyea.

Sheria inaangalia mali mliyochuma pamoja kwa juhudi zenu. Jina kwenye hati ni mwanzo tu wa maongezi. Hakimu anaangalia kila mmoja kachangia kiasi gani, kwa hela, kwa mali, au kwa kazi, anaangalia na madeni mliyoingia kwa faida yenu wote, anaangalia mahitaji ya watoto, anaangalia na mila za kwenu, halafu ndo anaelekea kwenye usawa. Anaelekea, sijasema anafika. Hata nyumba aliyokuja nayo mwenzio kabla ya ndoa, kama mmeiendeleza kwa kiasi kikubwa mkiwa pamoja, inaweza kuingia hesabuni.

Na kazi maana yake nini? Kuna kesi kila mwanasheria nchi hii anaijua, Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, 1983, Jaji Mkuu alikuwa Nyalali. Hapo ndo ikatamkwa kwamba kupika, kufua, kulea, kutunza nyumba ni mchango kwenye mali. Mnapiga makofi? Ngojeni kwanza nimalize. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Mume alikuwa amempa hela za kuanzisha biashara kwa faida ya familia, mahakama ikaona alizitapanya, kwa hiyo ni kama sehemu yake alishaichukua. Wanawake wote tunatembea kwenye njia aliyofungua Bi Hawa na yeye alitoka pale mikono mitupu. Kila nikiisimulia inaniuma, lakini ina la kutufundisha sisi watu wa vikoba: mgao ukipokea, mtaji ukipewa, andika umeenda wapi.

Sasa niwape ya mama wa maandazi. Simtaji, na hayupo hapa, msiangaliane. Miaka kumi na nne anachoma maandazi saa kumi alfajiri, mume ni mwajiriwa, nyumba imejengwa, kiwanja jina la mume, risiti za bati jina la mume, za saruji jina la mume. Wakafika mahakamani, mume akasimama anasema huyu ni mama wa nyumbani tu, maandazi yake yalikuwa ya mboga. Mama akafungua kanga akatoa daftari. La shule, lile la kurasa themanini, limeloa mafuta mpaka unaona upande wa pili. Humo ndani kaandika kwa penseli: tofali mia mbili, fundi Juma kapewa elfu arobaini, kokoto tripu moja nusu yangu nusu ya baba fulani, maji ya kumwagilia msingi. Miaka! Hakuandika kwa ajili ya talaka, aliandika kwa sababu alikuwa anaogopa fundi atamdai mara mbili. Na akamleta yule fundi akasimama akasema kweli, hela ya jamvi nilipokea kwa huyu mama. Mume alikaa kimya mpaka mwisho.

Majaji wamesharudia mara nyingi, kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Hakimu hakuwepo mkimwaga zege. Una karatasi? Hata la mafuta?

Akina baba msidhani nawasahau. Kuna kijana fundi welding, mkwewe alimwambia jenga tu hapo nyuma kwangu mwanangu, kiwanja ni chenu. Akajenga vyumba vitatu, madirisha ya grili kachomelea mwenyewe, mageti. Mkataba? Hakuna, na utamdai mkwe mkataba vipi wakati anakwita mwanangu. Ndoa ikavunjika, hakimu akamwambia kiwanja ni cha mkwe, si cha mkeo, mimi hapa nagawa mali ya mke na mume, kama una madai na mkwe kafungue shauri lako. Na mkwe siku hizi hamwiti tena mwanangu. Karatasi moja ya serikali ya mtaa, mashahidi wawili, ingemwokoa.

Nyumba mnayoishi, sikilizeni hapa. Mwenzio haruhusiwi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yako, hata kama jina ni lake peke yake. Ukisikia harufu ya kuuzwa, kama ina hati nenda kwa Msajili wa Hati uombe kuweka zuio, hizi za mikataba ya mtaa muwahi mwenyekiti wa mtaa kwa barua, na kopi ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Msikae mnasubiri mpaka dalali anapima kwa hatua uani kwenu.

Madeni sasa. Kausha damu, hii mikopo ya riba kali. Nani hapa hana? Sitaki mikono. Mama mmoja alichukua kausha damu tatu kwa jina lake ili mume anunue bodaboda. Bodaboda ikanunuliwa, bodaboda ikaondoka na mume, kausha damu zikabaki na mama wanamgongea mlango saa kumi na mbili asubuhi. Kilichomsaidia ni meseji, mume alikuwa amemwandikia "mke wangu chukua tu na ile ya tatu, pikipiki ikianza kazi tutalipa". Tutalipa! Mahakama ikaona hilo deni lilikuwa la nyumba. Lakini mkopeshaji hajali hukumu yenu, yeye anamjua aliyeweka dole gumba. Kwa hiyo kabla hujaondoka nyumbani andika orodha ya madeni yote, nani kakopa, kwa ajili ya nini, na umemdhamini nani humu kwenye kikundi. Ndiyo, humu humu.

Na hili la laini za simu mniangalie usoni. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole wengi hamkuwa na namba ya NIDA, mkasajiliwa kwa za waume zenu, au mume kasajiliwa kwa ya mke. Laini ambayo hela yako ya vikoba inaingia, akiba iko humo, kwenye mtandao wanamtambua yeye. Siku mkikosana anaenda dukani na kitambulisho chake anaomba laini mpya, yako inazima ukiwa sokoni. Nimeona hiyo kwa macho yangu, mama anatikisa simu kama kipima joto. Kesho Jumapili maduka yanafungua, nendeni. Na ukiwa huko badilisha namba ya siri, ile aliyokuwa anaijua ya tarehe ya kuzaliwa mtoto wa kwanza.

Ambao hamna cheti, mmekaa tu, msinune. Mkiishi pamoja miaka miwili na zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, sheria ina dhana kwamba ni ndoa, mpaka mwingine athibitishe sivyo. Wanaiita kifungu cha 160. Na hata dhana hiyo ikivunjwa mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Ila utahitaji majirani waseme, balozi aseme, shule iseme nani alikuwa anaandikwa mzazi.

Watoto. Hapa nitaongea taratibu kwa sababu nilikosea mwenyewe.

Watoto si mali, hawaendi na mahari. Nasikia sana "watoto ni wa ukoo wangu nimelipa ng'ombe". Hakimu anaangalia ustawi wa mtoto kwanza, vingine vinafuata. Mtoto chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba ni vizuri akae na mama, lakini ni dhana, inapingika, mama ukiwa huna utulivu atapewa baba. Mtoto mwenye akili ya kujieleza anaweza kuulizwa anataka nini.

Nilikuwa najitolea barazani, tukamleta mvulana wa miaka tisa, baba kushoto mama kulia, kila mmoja kavaa vizuri. Mwenyekiti akamuuliza kwa upole, mwanangu ungependa kukaa na nani? Mtoto akasema kwa bibi. Kwa nini kwa bibi? Akasema, "Kule hakuna anayeniuliza baba yako kasema nini."

Ukumbi ulikuwa kimya hivi hivi kama sasa.

Nilirudi nyumbani siku ile nikawaangalia wangu, walikuwa wameshakuwa wakubwa, na nikakumbuka kila Jumapili jioni walipotoka kwa baba yao nilikuwa nawapokea na swali gani. Umekula nini, nani alikuwepo, yule mwanamke alikuwepo? Nilikuwa nimewafanya mapolisi.

Matunzo ya mtoto. Zamani, kwa mtoto wa nje ya ndoa, sheria ya zamani ilikuwa inataja shilingi mia kwa mwezi, mia! Hiyo ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, sasa inaangaliwa hali ya wazazi na mahitaji ya mtoto, na hali ikibadilika mnarudi mahakamani amri inabadilishwa. Mama usifiche mtoto kwa sababu baba hajatuma hela, na baba usikate hela kwa sababu hujamuona mtoto, hayo ni mambo mawili tofauti. Na akina baba wangu wanne, mpo? Tumeni kwa simu, msimpe mtu mkononi. Baba mmoja katoa hela mkononi miaka mitatu, kila mwisho wa mwezi, kwa heshima, getini. Siku wamegombana akashtakiwa hajawahi kutunza. Alilia pale ofisini kama mtoto. Ukituma andika "ada" au "chakula mwezi wa tano", isiandikwe "chukua".

Ukishapata amri ya talaka usiishie kuipiga picha ukaweka status. Chukua nakala zilizothibitishwa, fuatilia iandikishwe RITA, kwa wakala wa usajili wa serikali, halafu pita kazini, pita NSSF kwenye mfuko wa pensheni, pita bima, pita benki, uangalie jina gani limeandikwa kwenye nafasi ya mrithi au mtegemezi. Na kama hukuridhika na hukumu muulize karani siku hiyo hiyo siku za rufaa ni ngapi, usisubiri ushauri wa msibani.

Hela ya wakili huna? Msaada wa bure upo, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2017, kuna wasaidizi wa kisheria kama mimi, kuna TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia nayo imezunguka mikoani. Wa bure kweli awe wa bure, akikuomba ya soda ya faili njoo uniambie.

Baba mmoja pale mlangoni kanyoosha mkono tangu saa ile. Ndiyo baba.

Anauliza, na kama mtu hataki kuachana, anataka mkewe arudi, baraza linamsaidia?

Baba, baraza jina lake ni la usuluhishi. Kazi yake ya kwanza ndo hiyo, hii ya kutoa fomu inakuja wakishindwa. Tumesuluhisha watu pale wakaondoka kwenye pikipiki moja. Njoo Jumanne ofisi ya kata, saa tatu, usije na shemeji zako sita. Njoo wewe.

Chai iko tayari. Wenye karatasi mkae meza ile ya dirishani nizione moja moja, na mama mwenye daftari kwenye mkoba, nimekuona tangu mwanzo unalishikilia, anza wewe.